Barabara binafsi kuwa ya jiji: mwongozo kwa wakazi na wamiliki

Barabara ikiwa nzima, hakuna anayeuliza ni ya nani. Swali huja siku mvua inapoanza kumega kingo za lami na mtaro umeziba. Jirani mmoja anapiga simu jijini kuomba mashimo yazibwe, anajibiwa kwa upole kwamba barabara hiyo haimo kwenye daftari lao. Hapo mtaa mzima unatambua kwamba kwa miaka yote hiyo walikuwa wakipita kwenye ardhi ya mtu, au yao wenyewe, na kwamba gharama ya kuitengeneza haina mwingine wa kuibeba.

Barabara ya aina hiyo inaweza kufanywa ya umma, na miji mingi ina utaratibu wa kuzipokea. Ila mfahamu jambo moja kabla ya kuandika barua yoyote: machoni pa jiji, mnacholeta si zawadi. Mnaleta kazi ya kufagia, kuziba mashimo, kuwasha taa, kuzibua mitaro na kujibu kesi za watu waliojikwaa, mwaka nenda mwaka rudi. Kwa hiyo shughuli yenu ni kulirahisishia jiji kukubali, na sehemu kubwa ya shughuli hiyo iko kwenye makaratasi na kwa majirani. Lami yenyewe huja baadaye.

Tenganisheni mambo matatu

Mabishano mengi kuhusu barabara binafsi hutokana na kuchanganya vitu vitatu: umiliki wa ardhi iliyo chini ya barabara, haki ya watu kupita juu yake, na wajibu wa kuitunza. Vitu hivi vinaweza kuwa mikononi mwa watu watatu tofauti kwa wakati mmoja.

Chukueni mfano wa England na Wales. Sheria yao ya barabara ya mwaka 1980 inasema njia ikitumiwa na umma kwa miaka 20 mfululizo, waziwazi, bila kutumia nguvu na bila kuomba ruhusa, inahesabiwa kuwa imetolewa kwa umma, isipokuwa kuwe na ushahidi kwamba mwenye ardhi hakukusudia hivyo. Basi umma umepata haki ya kupita. Lakini haki hiyo peke yake haiilazimishi halmashauri kumwaga hata koleo moja la kifusi. Kuna mitaa ambayo mtu yeyote anaweza kupita usiku na mchana, na bado hakuna ofisi ya umma inayowajibika kuitengeneza.

Upande wa pili, wapo wenye ardhi wasiotaka hata hilo la kwanza litokee. Rockefeller Plaza, njia iliyo katikati ya majengo ya Rockefeller Center jijini New York, ni mali binafsi, na kwa desturi hufungwa siku moja kila mwaka ili asije akatokea mtu kudai kwamba imekwisha kuwa ya umma kwa kuzoeleka. Nalitaja hili kwa sababu, kama kwenye barabara yenu kuna kibao cha zamani cha "njia binafsi" au mnyororo uliokuwa ukifungwa mara moja kwa mwaka, huo ni ushahidi. Msiung'oe kabla wakili hajauona.

Marekani, barabara huingia mikononi mwa umma kwa hatua mbili: mwenye ardhi anatoa, jiji linapokea. Ramani ya mgawanyo wa viwanja inaweza kuwa na maandishi kwamba barabara zote zimetolewa kwa umma, ikasajiliwa, na barabara zikabaki hewani miaka mingi kwa kuwa jiji halikupitisha azimio la kuzipokea. Mahali penye utaratibu wa namna hiyo, jambo la kwanza la kukagua ni ramani ya mwanzo kabisa. Huenda nusu ya safari ilishatembewa na mtu mwingine kabla yenu.

Hatua ya kwanza: jiulizeni kama kweli mnataka

Watu huruka hatua hii kwa sababu shimo lililo mbele ya geti linapiga kelele kuliko kitu kingine chochote. Lakini barabara ikishakuwa ya jiji, hairudi kwenu kwa kubadili mawazo.

Mtapoteza geti. Mtapoteza mlinzi mwenye kizuizi, nafasi za kuegesha gari zilizoandikwa namba za nyumba, na matuta mliyojijengea kwa urefu mnaoupenda. Mti wenye mizizi inayoinua lami utakatwa au hautakatwa kwa uamuzi wa ofisi, si wa mkutano wenu. Kampuni ya maji au ya mawasiliano itachimba kwa kibali cha jiji, nanyi mtaona tu matoroli asubuhi. Na kama barabara yenu inaunganisha barabara mbili kubwa, madereva wanaokwepa foleni wataigeuza njia ya mkato.

Mnachopata ni kuondokewa na bili ya matengenezo, kuondokewa na hatari ya kushtakiwa mtu akiumia barabarani, na mara nyingi urahisi wa kuuza nyumba, kwa kuwa mnunuzi na benki yake hawapendi kiwanja ambacho njia yake inategemea hisani ya mtu mwingine. Maoni yangu ni haya: kama kinachowaunganisha mtaani ni lile geti, ishieni hapa na mwanzishe mfuko mzuri wa matengenezo. Nimeona kwamba vikundi vinavyotaka jiji lilipe huku geti likibaki havifiki popote. Barabara inayotunzwa kwa kodi ya umma haiwezi kufungiwa umma.

Hatua ya pili: mtafuteni mwenye barabara

Nendeni masijala ya ardhi. Ombeni hati ya kila kiwanja kinachopakana na barabara, ramani ya upimaji ya asili, na hati ya barabara yenyewe kama ipo. Mtakuta moja kati ya hali nne, na kila moja ina dawa yake.

Inaweza kuwa kila mwenye kiwanja anamiliki hadi katikati ya barabara mbele ya nyumba yake. Hapo kila mmoja atatakiwa kutia sahihi. Inaweza kuwa barabara ni mali ya chama cha wakazi. Hapo someni katiba ya chama muone ni kura ngapi zinatakiwa kutoa mali ya pamoja, maana mara nyingi si wingi wa kawaida. Inaweza kuwa bado ni ya mtu aliyegawa viwanja zamani, ambaye alishafariki. Basi mnawatafuta warithi, na mirathi isiyofunguliwa inaweza kuchelewesha kila kitu. Au ni ya kampuni ya ujenzi iliyokwisha kufutwa. Mali ya kampuni iliyofutwa haielei hewani: nchini England, kwa mfano, huangukia mikononi mwa Taji la Kifalme, na kuna ofisi maalumu ya kuzungumza nayo. Ulizeni sheria ya mahali penu inasemaje.

Angalieni pia kodi ya ardhi ya barabara hiyo. Mnaweza kucheka, lakini Presidio Terrace, mtaa wa matajiri jijini San Francisco, ilipotea kwa njia hiyo. Chama cha wenye nyumba hakikulipa kodi ya dola 14 kwa mwaka kwa miaka mingi, kwa kuwa ankara ilikuwa ikitumwa kwenye anwani ya zamani ya mhasibu. Mwaka 2015 jiji liliinadi barabara, na wanunuzi waliichukua kwa dola 90,100. Wakazi walikuja kujua miaka miwili baadaye, na ilibidi baraza la jiji lipige kura Novemba 2017 kuufuta mnada. Kipande cha ardhi ambacho hakuna anayejiona mwenyewe ndicho kinachopotea kirahisi.

Kisha mpate mpima ardhi aliyesajiliwa, aje na vifaa vyake, si mtu wa kukadiria kwa hatua. Mwambieni aonyeshe mambo haya kwenye ramani moja: mipaka ya hifadhi ya barabara, lami ilipo sasa, na kila kitu kilichovamia, yaani uzio, ngazi, kibanda cha mlinzi, bustani ya maua, banda la gari. Karibu kila mtaa wa zamani una uzio uliosogea. Mwenye uzio atasema babu yake aliujenga hapo. Semeni naye mapema, kwa heshima, ramani ikiwa mezani, kabla jiji halijamwandikia barua.

Mpima pia akague miisho miwili ya barabara. Wakati mwingine mgawaji wa viwanja alijibakizia kipande chembamba cha ardhi, mita moja au chini ya hapo, kati ya barabara yenu na barabara ya umma, ili siku za usoni mtu akitaka kuunganisha alipe. Kipande hicho kisipopatikana mapema, ombi lenu litafika hadi meza ya mwanasheria wa jiji na kurudishwa.

Hatua ya tatu: zungumzeni na jiji kabla ya kutoa fedha

Kosa la gharama kubwa kuliko yote ni kuweka lami mpya kwanza na kuomba baadaye. Jiji likipima na kukuta unene haufiki, au mtaro uko upande usiofaa, mtaibomoa.

Nendeni idara ya barabara na ile ya mipango miji mkiwa watu wawili au watatu, si mtaa mzima. Ombeni sera ya maandishi ya kupokea barabara, viwango vya ujenzi, fomu, na mjue nani anaamua mwishoni: mhandisi, kamati, au kikao cha madiwani. Ombeni mhandisi aje aione barabara, hata kwa nusu saa. Maneno atakayoyasema akiwa amesimama juu ya mtaro yatawaokolea fedha kuliko ripoti ya kurasa hamsini. Yaandikeni, mmtumie kwa barua mkimshukuru, ili yabaki kwenye faili.

Jiji hutafuta sababu ya umma. Je, barabara inahudumia nyumba nyingi au familia tatu? Inaunganisha barabara mbili au inaishia ukutani? Shule, zahanati au njia ya basi inaitegemea? Maji ya mvua ya mitaa mingine yanapita kwenye mtaro wake? England, mwenye barabara anayetaka kuitoa anatakiwa kuipa halmashauri notisi isiyopungua miezi mitatu, nayo halmashauri inaweza kwenda mahakamani kupinga kwa hoja kwamba barabara hiyo haina manufaa ya kutosha kwa umma. Hata mahali ambapo sheria haisemi hivyo waziwazi, madiwani huwaza hivyo. Barua yenu ya maombi isianze na mashimo. Ianze na nani mwingine, asiye mkazi wa mtaa, anayeihitaji barabara hiyo.

Upana ndio unaoua maombi mengi. Viwango hutofautiana, lakini mantiki ni ile ile: gari kubwa la dharura lipite na liweze kugeuka. Kanuni ya kimataifa ya zimamoto inayofuatwa sehemu nyingi za Marekani inataka njia ya gari la zimamoto iwe na upana usiopungua futi 20, karibu mita 6.1, bila kizuizi, na njia isiyotokea upande wa pili ikizidi futi 150, karibu mita 46, iwe na mahali pa kugeuzia. Japani, sheria ya majengo ya mwaka 1950 inatambua barabara kwa upana wa mita 4 kwa kawaida, na kwenye vichochoro vya zamani vilivyo vyembamba zaidi, anayejenga upya nyumba yake hulazimika kurudi nyuma hadi mita 2 kutoka mstari wa katikati, ili njia ipanuke nyumba moja baada ya nyingine. Kama yenu ni nyembamba, ulizeni kama kuna msamaha kwa mitaa ya zamani kabla ya kuanza kuwaomba watu wabomoe kuta.

Hatua ya nne: pimeni hali halisi ya barabara

Hapa mnahitaji mhandisi wa kwenu, anayelipwa na ninyi. Kagueni kabla jiji halijakagua, ili msishtukizwe.

Lami ya juu inadanganya. Kinachobeba magari ni tabaka zilizo chini: udongo wa asili ulioshindiliwa, tabaka la changarawe au kifusi, tabaka la kokoto, ndipo lami. Mhandisi atatoboa mashimo machache, atoe vipande vya duara vya lami apime unene, na apime uwezo wa udongo kubeba mzigo. Barabara nyingi za binafsi zilijengwa kwa ajili ya magari madogo ya wenye nyumba. Gari la taka, lenye uzito wa tani nyingi, hupita kila wiki na kuacha nyufa kama ngozi ya mamba. Mkiona nyufa hizo, kuongeza lami juu ni kupaka rangi ukuta unaoanguka.

Baada ya hapo fuateni maji. Mhandisi yeyote mwenye uzoefu atawaambia kwamba barabara huuawa na maji kuliko magurudumu. Katikati ya barabara pawe juu kuliko kingo, au barabara yote iinamie upande mmoja, ili maji yasisimame. Tazameni barabara siku ya mvua, mpige picha za madimbwi zenye tarehe. Ni ushahidi wa bure. Mabomba ya chini ya ardhi yapitishwe kamera, maana bomba lililokunjwa na mizizi halionekani kwa macho. Kalvati zipimwe kipenyo. Na lililo muhimu kuliko hayo: maji yakitoka kwenye mtaro wenu yanaenda wapi? Kama yanamwagika kwenye kiwanja cha jirani bila haki iliyosajiliwa, jiji halitapokea barabara ambayo kila masika itazaa kesi.

Vitu vingine vinaangaliwa haraka: vifuniko vya chemba viwe usawa wa lami, nguzo za taa ziwe za aina ambayo jiji linatumia, njia ya waenda kwa miguu ipitike na kiti cha magurudumu, dereva anayetoka aone mbali kwenye makutano. Kama kuna ukuta wa kuzuia udongo au daraja dogo, wekeni fungu la pekee la kulikagua. Miundo ya namna hiyo huigharimu ofisi ya jiji kuliko lami, na huogopwa ipasavyo.

Mwishoni mhandisi awape orodha ya kazi yenye makadirio ya bei, akitenganisha yanayotakiwa na viwango vya jiji na yale ambayo ingekuwa vizuri yafanyike. Msichanganye orodha hizo mbili mbele ya majirani.

Hatua ya tano: nani analipa, na kwa kigezo gani

Mara nyingi jiji husema: ileteni kwenye kiwango, ndipo tuipokee. Mahali pengine jiji lenyewe hufanya kazi na kuwatoza wenye viwanja. England kuna utaratibu wa kisheria ambapo halmashauri huijenga barabara na kugawa gharama kwa urefu wa mbele ya kila kiwanja, huku ikiruhusiwa kuangalia pia kila kiwanja kinanufaika kiasi gani. Miji mingi ya Marekani huweka tozo maalumu kwenye viwanja husika, inayolipwa kidogo kidogo kwa miaka pamoja na kodi ya nyumba. Utaratibu kama huo ukiwepo kwenu, ufikirieni kwa uzito hata kama riba inauma. Unamwondolea mweka hazina wa mtaa kazi ya kuwafuata wadaiwa mlangoni.

Mkijichangisha wenyewe, kigezo kiamuliwe kabla bei haijajulikana. Bei ikishatajwa, kila mtu huchagua kigezo kinachompunguzia.

Kwa urefu wa mbele ya kiwanja hesabu ni nyepesi. Tuseme mbele za viwanja vyote zikijumlishwa ni mita 400: mwenye mita 40 analipa asilimia 10, mwenye mita 12 asilimia 3. Tatizo ni viwanja vya kona. Mtu ana ubavu mrefu unaopakana na barabara yenu ilhali geti lake liko barabara nyingine, na kumtoza ubavu mzima ni kumtafutia sababu ya kukataa kutia sahihi. Mtozeni nusu, au pungufu zaidi. Kigezo cha kila nyumba sawa kinafaa mtaa wenye viwanja vinavyofanana. Kigezo cha umbali, kwamba aliye mwisho wa barabara anaitumia yote, kinasikika cha haki lakini huzaa ubishi usioisha, mimi ningekiepuka.

Wekeni akiba juu ya makadirio, kwa kuwa chini ya lami ya zamani kuna mambo. Pesa ziingie akaunti yenye sahihi tatu. Na yule mjane au mstaafu asiyeweza kulipa kwa mkupuo mpatieni awamu kwa maandishi, tena bila kumtangaza mkutanoni.

Hatua ya sita: kukusanya ridhaa

Fahamuni kwanza sheria inataka wote au wengi. Tofauti ni kubwa. England, barabara ikishatengenezwa, halmashauri inaweza kubandika notisi barabarani kwamba inaipokea, na wamiliki wana mwezi mmoja wa kupinga. Wakiwa zaidi ya mmoja, pingamizi lazima litoke kwa walio wengi. Ufaransa, barabara binafsi za makazi zilizo wazi kwa magari ya umma zinaweza kuhamishiwa manispaa bila fidia baada ya uchunguzi wa hadhara, na mwenye mali akipinga, uamuzi unapanda hadi kwa mwakilishi wa serikali kuu. Wamiliki walipolalamika kwamba huko ni kunyang'anywa mali, Baraza la Katiba la nchi hiyo mwaka 2010 liliona utaratibu huo haukiuki katiba, kwa kuwa barabara hizo wenyewe walishaziacha wazi kwa umma.

Mahali ambapo sahihi ya kila mmiliki inahitajika, jirani mmoja anaweza kusimamisha mtaa mzima. Msimpeleke mkutanoni kubishana naye. Akishakataa mbele ya watu hatarudi nyuma kwa urahisi. Atumwe mtu anayeelewana naye, aende kwake, amsikilize. Mara nyingi anachoogopa ni kitu kimoja mahsusi: uzio wake utabomolewa, mti wake utakatwa, au atalipishwa asichokuwa nacho. Hofu mahsusi ina jibu mahsusi, na jibu hilo linaweza kuandikwa kwenye makubaliano. Akikataa kabisa, mwulizeni wakili kama sehemu yake inaweza kuachwa nje ya eneo linalokabidhiwa, au kama jiji lina mamlaka ya kuitwaa kwa fidia.

Sahihi zenyewe zichukuliwe mbele ya wakili au kamishna wa viapo, jina kama lilivyo kwenye hati, wanandoa wote wawili pale hati ikiwa ya wote wawili. Kiwanja chenye rehani kinahitaji pia ridhaa ya benki. Anzeni na benki mapema. Hujibu polepole, na barua yao ndiyo huwa ya mwisho kuingia kwenye faili.

Hatua ya saba: maombi na kikao

Faili likamilike siku moja: barua, ramani ya mpima iliyotiwa muhuri, nakala za hati, ridhaa za wamiliki na benki, ripoti ya mhandisi, makadirio, na ushahidi wa fedha. Faili pungufu halikataliwi. Linawekwa kando, na kuwekwa kando hakuna rufaa. Chukueni risiti yenye namba ya kumbukumbu.

Jiji likitangaza muda wa kupokea maoni ya umma, hakikisheni mtu wa mtaa wa jirani anaandika kuunga mkono. Kwenye kikao azungumze mmoja, kwa dakika chache, na ramani kubwa inayoonekana kwa mbali. Diwani wenu awe ameshaona faili kabla ya siku hiyo.

Jibu likiwa hapana, ombeni sababu kwa maandishi. Kisha mwombe kidogo kuliko mlichoomba: jiji lichukue mtaro mkuu peke yake, au taa, au nusu ya barabara inayopitwa na basi. Linalobaki lifungwe kwa mkataba wa matengenezo baina ya wamiliki, uliosajiliwa kwenye hati ili mnunuzi mpya naye afungwe nao. Sera za jiji hubadilika baraza likibadilika, na faili lililokamilika halichachi.

Hatua ya nane: ujenzi na kipindi cha matazamio

Mkandarasi afanye kazi kwa viwango vya jiji, na mkaguzi wa jiji aalikwe kila tabaka kabla halijafunikwa. Akikuta lami imeshamwagwa juu ya kitu ambacho hakukiona, ana haki ya kutaka kifukuliwe.

Kwa kawaida kazi ikiisha barabara haipokelewi siku hiyo. Kuna kipindi cha matazamio, mara nyingi miezi 12, ambapo ninyi au mkandarasi mnaendelea kurekebisha kasoro. Bakizeni sehemu ya malipo ya mkandarasi hadi kipindi kiishe, na mtake dhamana ya benki kama kazi ni kubwa. Kwenye mitaa mipya England, mjenzi huingia mkataba na halmashauri kabla ya kujenga, akiweka dhamana itakayomalizia barabara endapo atafilisika. Kwa hiyo anayenunua nyumba kwenye mradi unaoendelea aulize mambo mawili kabla ya kulipa: mkataba wa kukabidhi barabara umeshatiwa sahihi, na dhamana ni ya kiasi gani? Jibu la "tuko mbioni" lichukuliwe kuwa hapana.

Hatua ya tisa: makabidhiano

Cheti cha mhandisi hakitoshi. Subirini azimio la jiji au hati ya makabidhiano, kisha nendeni wenyewe kuhakikisha barabara imeingizwa kwenye daftari la barabara za umma na kwenye masijala ya ardhi. Someni mipaka iliyoandikwa, mstari kwa mstari. Inaanzia wapi na kuishia wapi? Njia ya miguu imo? Majani ya pembeni, taa, ukuta wa kuzuia udongo, bomba linalotoka barabarani kwenda mtoni? Kisichoandikwa mmebaki nacho.

Mfahamu pia mmetoa nini. Mahali pengine jiji linachukua ardhi yote. Pengine linachukua haki ya kupita tu, ardhi ikibaki ya wenye viwanja. England linachukua barabara na kina kinachohitajika kuitumia na kuitunza, udongo wa chini zaidi ukibaki wa mwenye kiwanja. Hili litakuwa na maana siku barabara ikija kufungwa au mtu akitaka kuchimba chini yake.

Bima ya barabara isikatishwe hadi tarehe iliyo kwenye hati, hata kama magari ya jiji yameanza kufagia. Geti na vibao vya binafsi viondolewe siku hiyo hiyo. Fedha zilizobaki kwenye akaunti zirudishwe kwa kigezo kile kile zilichochangwa, baada ya kipindi cha matazamio kwisha na si kabla. Faili lote, pamoja na azimio, litengenezewe nakala kwa kila nyumba, kwa sababu wa kwanza kuuza nyumba ataulizwa na wakili wa mnunuzi barabara ni ya nani, na ofisini itachukua wiki kadhaa kulipata jibu hilo.